Filamu Isiyokunjwa Ulimi

Katika msitu wa ukoo wetu, juu ya Kinole, mtu haitwi jina. Ukitaka mwenzako ageuke unakohoa, unagonga mti, au unapiga mluzi. Mjomba alikuwa akisema jina likishatamkwa mle ndani linabaki humo, na mwenyewe anatoka bila lake. Mimi ni mtoto wa mjini, nimekulia Morogoro, nikamwona mzee anatia chumvi. Siku hizi sina ubishi tena. Hata hapa ninapoandika sitamtaja mtu jina, na mtanisamehe.

Baba yetu alikuwa mpiga picha. Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ukutani lilining'inia pazia la amerikani lililochorwa bahari, kisiwa, mnazi mmoja ulioinama na, juu kabisa pembeni, eropleni. Nusu ya Morogoro wamepigwa picha mbele ya kisiwa kile na bahari yenyewe hawajawahi kuiona. Pazia lilikuwa la vipande viwili, mama alivishona mwenyewe kwa cherehani yake, na mshono ukampinda karibu na shina la mnazi. Baba alimtania kwa mshono huo mpaka anaingia kaburini.

Alipofariki, studio ikawa yangu. Watu walicheka, mwanamke na kamera wapi na wapi, lakini mimi ulimi wangu ulikuwa mkali na wateja walizoea. Nilifanya kazi kwa namna ileile ya baba, namna ya miaka ya shida. Filamu ilikuwa inapatikana kwa roli kubwa. Unaikata gizani kwa kupima na mkono, unaivingirisha ndani ya vikebe vya zamani. Vikebe vilikuwa adimu kuliko filamu yenyewe, kwa hiyo ukimaliza kupiga hurudishi filamu yote ndani. Unaacha ulimi wake nje kidogo, ili baadaye uivute bila kukivunja kikebe. Hatari yake ni kwamba filamu iliyotumika na filamu mpya zinafanana. Ndiyo maana baba alitufundisha: ukimaliza kupiga tu, kunja ncha ya ulimi. Iliyokunjwa imetumika. Iliyonyooka ni mpya. Alituchapa kwa hilo kuliko kwa kukosa shule.

Basi zikaja enzi za ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikafika mpaka milimani, na mjini kwetu wakafungua mahali pa kusafisha picha za rangi kwa mashine, unaacha filamu ukienda sokoni, ukirudi picha tayari. Mimi na rangi yangu nyeusi na nyeupe nikabaki na picha za pasipoti na vitambulisho. Kiwandani nako wakapunguza watu, na katika waliopunguzwa alikuwemo mdogo wangu wa kiume. Miezi michache akazurura, halafu akaja na habari kwamba anakwenda kuchimba vito upande wa pili wa mlima, kule vijana wote walikokuwa wanakimbilia.

Siku ya kuondoka alikuja studio amevaa koti la mtumba lenye mabega mapana kama mlango. "Dada, nipige. Nikirudi tajiri mtasema siye mimi."

Nilikuwa nimekasirika. Tulikwisha gombana juzi yake, nimemwambia mashimo yale yanafukia watu, yeye ananiita mwoga. Hata hivyo nikampiga. Nilikuwa na kimkia cha roli kisichofaa kwa harusi, picha tano tu. Akajipinda mbele ya kisiwa, akajishika kiuno, akajifanya anaruka kama ndege. Alipomaliza akasema, "Unisafishie leo."

"Nitasafisha ukirudi," nikamjibu. "Kama utarudi."

Ndivyo nilivyosema. Nikatoa filamu kwenye kamera, nikaitupa ndani ya kopo la biskuti, nikaingia ndani. Hakurudi.

Mwezi wa kwanza tulisikia yupo. Wa tatu tukasikia kuna shimo limetitia, lakini waliofukiwa hawakujulikana idadi wala majina. Wengine walikuwa wamekwisha hamia machimbo mengine. Mjomba alikwenda kuuliza, akarudi na matope ya magotini na hana neno. Mama akaniomba zile picha za siku ya mwisho. Nikatafuta katika kopo la filamu zilizotumika, moja moja, nikakuta nyingine zote isipokuwa hiyo. Nilishindwa kumwambia nimeipoteza. Nikasema, "Iliingia mwanga, mama. Imeungua."

Akasema, "Haya."

Ikapita miaka mitatu. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake, na mjomba akaamua: inatosha, tumsomee hitma, tumpumzishe. Mama alikataa, akalia, akakataa tena, mwisho akakubali. Siku ikapangwa, Ijumaa ya wiki mbili mbele.

Hapo ndipo alipotokea mgeni. Alikuwa Mzungu mzee, mrefu, mkimya, mpiga picha za wanyama na nchi. Alikuwa anazungushwa visiwani: ametoka Ngazija, akaenda Pemba, akaenda Mafia, na kampuni iliyomzungusha ikamleta Morogoro. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu, kisiwa gani huku kwetu, labda amepotea njia. Akacheka. Akasema Uluguru nayo ni kisiwa, kwa sababu viumbe wa msitu wa juu hawana daraja la kuendea mahali pengine. Wamezungukwa na nchi kavu kama wengine walivyozungukwa na maji. Alikiita kisiwa chake cha mwisho. Mjomba alikuwa akiongoza wageni msituni, na mimi nikachukuliwa kutafsiri na kubadilisha filamu za mzee ndani ya mfuko mweusi. Nikabeba na kamera yangu ya Kirusi. Asubuhi ile nilichomoa filamu chini kabisa ya kopo la mpya, ulimi umenyooka, nikaiweka.

Gari lilitufikisha Kinole. Tukapanda kwa miguu kati ya migomba na mananasi, halafu iliki, halafu mdalasini, halafu hakuna tena cha mtu. Msitu unaanza ghafla. Mjomba alisimama mpakani, akavua kofia, akasema maneno ya Kiluguru ya kuomba njia, akatugeukia. "Mwambie mgeni. Majina mwisho hapa."

Nikamwambia. Mzungu akatikisa kichwa kwa adabu, akaweka kidole mdomoni.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa maji, na kimya cha ajabu. Nyumba ikinyamaza huwa kuna kitu kinasikika, jogoo, redio ya jirani. Mle hata hatua zetu zilimezwa na majani mabichi. Miti ilivaa ndevu za kijani. Kulikuwa na ile mimea ya msituni inayofanana na minazi midogo, imeinamia njia, na kila mara nilidhani ni mtu ameinama. Mzungu alipata kinyonga mwenye pembe, akamtandaza kiganjani kama kito. Mjomba alirudi nyuma hatua nne. "Mwambie amrudishe alipomtoa," akasema, "na mimi asinishike mkono leo."

Nilicheka peke yangu. Nikampiga picha kinyonga, moja. Mchana, ukungu ukashuka. Tulikuwa tumekaa tunakula ndizi za kuchemsha, mjomba hapa, mgeni pale, mimi katikati, wote watatu tunaonana. Ndipo nikasikia mluzi. Miwili mifupi na mmoja mrefu, wa kupanda.

Huo ulikuwa mluzi wa mdogo wangu. Alikuwa akiniamshia asubuhi, akiniitia chakula, akinijulisha dirishani kwamba amechelewa nimfungulie mlango. Nikainuka, mdomo nimeshauweka tayari.

Mjomba akanikamata kiuno cha kitenge. "Usiitikie."

"Mjomba, ni yeye!"

"Nimesikia. Usiitikie."

Ukaja tena, mbali zaidi, upande wa juu. Haki ya Mungu sikubuni. Mzungu naye alikuwa amesimamisha kidole, anasikiliza. Mzee yule alikuwa anatambua kila ndege kwa sauti, tangu asubuhi alikuwa anatutajia. Alifungua daftari, akasubiri, akalifunga. Nikamuuliza ni ndege gani.

"Simjui," akasema.

Kulia nililia, lakini zaidi nilipandwa na hasira. Hasira ya kuchezewa. Nikaelekeza kamera kule sauti ilikotoka, kwenye ukungu mtupu, nikabonyeza mara mbili bila hata kupima mwanga. Mjomba akaniangalia kwa huruma.

Tulilala kwenye turubai. Alfajiri mgeni alituamsha, akatupeleka juu ya jabali, na hapo nikaelewa kwa nini aliita kisiwa. Mawingu yalikuwa yamejaa mabondeni, meupe, bapa, mpaka upeo wa macho, na vilele vimejitokeza juu yake kimoja kimoja, vyeusi. Huko chini kuna Mikese, malori na wauza nyanya barabarani, lakini Mikese haikuwepo. Hakukuwa na mji wala sauti ya gari. Nikapata hofu ya kijinga kwamba dunia imeondoka usiku na kutuacha. Nikapiga mbili za mwisho, filamu ikagoma.

Nyumbani niliingia chumba cha giza siku hiyohiyo, mchana. Nikasafisha filamu, nikaikausha, nikaichapisha kwa taa nyekundu. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua: karatasi ni nyeupe ndani ya dawa, unaitikisatikisa, halafu kitu kinaanza kuja kutoka hakuna. Kwanza yakaja mawingu. Vikaja vilele. Halafu, katikati ya mawingu, akasimama mdogo wangu ameshika kiuno.

Nilipiga ukelele. Mlima ulikuwa unaonekana ndani ya kifua chake. Nikachapisha ya pili: kule kwenye ukungu uliokuwa mtupu, yupo, amenyoosha mikono. Ya tatu yupo. Kwenye kinyonga yupo, uso wake mkubwa umefifia, na kinyonga anatembea juu ya paji. Katika ya mwisho alikuwa amenipa mgongo, anakwenda, mbele yake kuna mwanga mweupe kama uwazi kati ya miti. Na pembeni ya zile nne nyingine ile mimea ya msituni imeinama.

Sikufikiri. Nilitoka mbio na karatasi zinachuruzika, nikawaita mama na mjomba waliokuwa uani wanapanga vyombo vya hitma. Mjomba aliangalia, akakaa chini kwenye kinu. "Yuko mlimani," akasema. "Tulimsikia."

Mama aliziangalia moja moja muda mrefu sana. Aliinua macho, akanitazama mimi, si picha. Kisha akasema, "Basi hitma haisomwi. Hatumsomei aliye hai."

Kesho yake nilikaa na zile picha dirishani nikiwa na lenzi ya baba. Juu ya mawingu, pembeni kabisa, kulikuwa na eropleni. Ndogo, imepinda, ya kuchorwa. Nikatazama ile mimea ya msituni: ulikuwa mnazi mmoja tu, uleule, katika picha zote nne.

Mungu wangu. Siku ile ya hasira sikukunja ulimi. Nimeitupa kopo silo, ikakaa miaka mitatu miongoni mwa mpya, nami nikaipandisha mlimani na kupiga picha juu ya picha. Picha pekee za mwisho za mdogo wangu, nimezipitishia mawingu na kinyonga. Hakuna mjinga mwingine angeweza kufanya kosa hilo isipokuwa mtoto wa baba yangu, aliyefundishwa kuacha ulimi nje.

Niliondoka dirishani kwenda kumwambia mama. Nilimkuta jikoni anakuna nazi huku anaimba. Miaka mitatu sikuwa nimemsikia akiimba. Nikasimama mlangoni, nikauliza kama chumvi ipo, nikarudi.

Nikajiambia nitasema kesho. Nikajiambia nitasema baada ya mvua. Mjomba alizifunga zile picha kwenye nailoni, akazunguka nazo milimani misimu mitatu, akiwauliza wakata kuni na warina asali, mpaka magoti yakamshinda. Kila akirudi nilimpokea mzigo, namwambia shikamoo mjomba, na moyo unanichoma. Mimi mwenye mdomo, niliyekuwa natukana madereva barabarani, neno moja lilinishinda miaka kumi na moja.

Mjomba alifariki. Siku ya arobaini yake, sheikh alikaa mkekani na karatasi, akaomba majina ya marehemu wa familia ili awaombee wote pamoja. Watu wakataja: bibi, babu, baba yetu, shangazi wa Turiani. Ikafika zamu ya mama. Sheikh akauliza, "Na mwingine?"

Mama akanigeukia. "Muulize huyu," akasema.

Macho yote yakaja kwangu. Nikatazama kucha zangu. Sheikh akasubiri, akakunja karatasi, akaanza kusoma.

Jioni ile wageni walipoondoka nilimfuata mama uani. Alikuwa anapepeta mchele uliobaki. Nikapiga magoti nikayamwaga yote: kimkia cha filamu, kopo, ulimi, eropleni. Nikamwambia haikuungua kwa mwanga, niliongopa. Nikamwambia mjomba amemaliza magoti yake kwa ajili ya uzembe wangu. Nililia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa.

Mama aliweka ungo chini. "Nimeshona pazia lile kwa mikono yangu," akasema. "Baba yako kanicheka miaka ishirini kwa ule mshono. Ulidhani sitaujua?"

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu zinachuruzika maji."

"Sasa mama, kwa nini uliikataa hitma?"

"Kwa sababu yako. Ulikuja mbio umepauka, unaniangalia unataka nikubali yupo hai. Nikasema huyu hajawa tayari kumzika ndugu yake, tumsubiri. Nikasubiri. Mjomba wako nilimwambia mwaka uleule. Akasema yeye atakwenda tu kutafuta, kwa sababu ule mluzi aliusikia kwa masikio yake."

Nilikuwa namlinda mama, kumbe yeye ananilinda, na kati yetu mtu mmoja amekaa miaka bila dua. Nilijichukia, na papo hapo nilitamani kumkumbatia mama mpaka avunjike.

Akaingia ndani akatoka na ile ya mwisho, ya mgongo. Nailoni ilikuwa imegeuka manjano. "Nne nazijua, zina pazia. Hii haina mshono wangu. Hii ulimpigia wapi?"

Hilo ndilo sikuwa nimemwambia mtu, hata mimi mwenyewe nilikuwa nalipita mbali. "Hapo anatoka," nikasema. "Ule mweupe ni mlango wa studio, jua la mchana. Aliniaga, sikumjibu. Alipogeuka nikambonyezea mgongo kwa hasira, ili niimalize filamu. Alipofika barabarani akanipigia mluzi, mama. Ule wetu. Nikasikia, nikaingia ndani."

"Hukuitikia?"

"Sikuitikia."

Mama aliitazama picha, akaifuta kwa khanga. Akasema, "Basi ndivyo alivyokwenda," na akaniagiza niwaambie wazee, Ijumaa.

Hitma ikasomwa. Jina lake likatajwa kwa sauti mara tatu, humo ndani mwetu, mbali na msitu. Watu wakala wali, wakatupa pole za miaka kumi na minne kwa mkupuo mmoja, wakaondoka. Alasiri nikatoka nyuma ya nyumba, pale panapoonekana mlima wote, na juu kumekaa wingu kama kawaida yake. Kwetu mwanamke hapigi mluzi, anaambiwa anaita mashetani. Nikapiga hivyohivyo, miwili mifupi na mmoja mrefu, ukatoka hafifu.

Nikasikia kandambili za mama nyuma yangu. Nikajikunyata kusubiri kugombezwa.

"Piga tena," akasema. "Huo hajausikia."